Utani wa Simba na Yanga: Watoto wetu tunawarithisha nini?

NDUGU msomaji, iko mali moja ambayo haiandikwi katika wasia wala haipigiwi hesabu katika mirathi, lakini karibu kila nyumba ya Dar es Salaam inairithisha. Mali hiyo ni timu. Mtoto wa Kariakoo, Temeke, Magomeni au Mbagala hajajua kuhesabu mpaka kumi, lakini ukimuuliza yeye ni nani katika mpira, atakujibu bila kusita: "Mimi Simba", au "Mimi Yanga". Hakuchagua. Amezaliwa, ameikuta ndani.

Katika makala hii sikusudii kueleza nani bora kati ya timu hizi mbili. Wala sikusudii kuingia katika hukumu za kidini juu ya ushabiki, kwani hilo lina wenyewe wenye elimu, na wanaendelea kulizungumza. Nakusudia kuangalia jambo moja tu: urithi huu unapita vipi kutoka kwa mzee kwenda kwa mtoto, na ni kitu gani hasa kinachopita. Rai yangu ni kwamba wazee wetu walitukabidhi vitu viwili vilivyofungwa pamoja, yaani timu na utani. Sisi tunawakabidhi watoto wetu timu peke yake, kisha tunashangaa kwa nini ndugu wanagombana.

NYUMBA MOJA ILIYOGAWANYIKA

Tuanze na asili, maana asiyejua asili ya ugomvi hawezi kuusuluhisha. Yanga, yaani Young Africans, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, baadhi ya waliokuwa Yanga walijitenga na kuunda timu yao iliyoitwa Queens. Timu hiyo baadaye ikaitwa Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba ambalo inalo mpaka leo. Kwa maneno mengine, Simba haikutoka mbali kuja kupambana na Yanga. Imetoka katika tumbo la Yanga. Hata leo mtu hutoka makao ya Simba, Mtaa wa Msimbazi, akafika makao ya Yanga, Jangwani, kwa miguu bila kutafuta basi.

Na mgawanyiko haukuishia hapo. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga yenyewe iligawanyika tena, na mwaka 1976 ikazaliwa Pan African. Watu waliokuwa wakishangilia pamoja Jumapili hii wakajikuta Jumapili nyingine wako pande mbili za uwanja.

Jambo hili halikutokea Dar es Salaam peke yake. Huko Italia, katika mji wa Milan, klabu ya AC Milan ilianzishwa mwaka 1899. Mwaka 1908 baadhi ya wanachama wake walijitoa kwa ugomvi uliohusu kuchukua wachezaji wa kigeni, wakaanzisha Inter. Miaka mingi baadaye, ndugu wawili wa tumbo moja, Giuseppe na Franco Baresi, walicheza mmoja Inter na mwingine Milan, na kila mmoja akawa nahodha wa timu yake. Nyumba moja, manahodha wawili, timu mbili zisizopatana.

Lakini iko miji mingine ambako mambo ni tofauti. Glasgow, kule Uskoti, kwa muda mrefu upande wa mtu ulifuata madhehebu yake: Wakatoliki walikuwa wa Celtic, na Waprotestanti wa Rangers. Kwa jirani zetu wa Kenya, AFC Leopards iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, na Gor Mahia ya mwaka 1968, mizizi yake iko katika makabila ya Waluhya na Wajaluo. Huko mtoto akizaliwa, kabila au kanisa limeshamwonesha njia.

Sasa tazama kwetu. Mwislamu yuko Simba, na Mwislamu mwenzake anayeswali naye safu moja yuko Yanga. Mkristo hali kadhalika. Mzaramo, Mmanyema, Mchaga na Msukuma wote utawakuta pande zote mbili. Tajiri yuko huku na huku, na muuza maji yuko huku na huku. Hakuna dini wala kabila linalomwambia mtoto wa Dar es Salaam awe upande gani. Anayemwambia ni baba, mama, mjomba, shangazi, babu na bibi. Kwa hiyo timu kwetu ni jambo la nyumbani. Likiharibika, linaharibikia nyumbani.

JINSI TIMU INAVYORITHISHWA

Nitoe mfano wa nyumbani kwetu, si kwa sababu ni ya ajabu, bali kwa sababu inafanana na nyumba nyingi. Babu yangu mzaa baba, aliyekuwa na nyumba Gerezani, alikuwa Yanga. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni Simba. Nami nilikuwa katikati, nikivutwa na wote wawili kama kamba.

Njia ya kwanza ni nguo. Mtoto huvishwa rangi kabla hajajua maana yake. Babu alikuwa na kofia ya kijani, nami nikashonewa kaptura ya kijani. Mjomba akaleta fulana nyekundu. Mama, aliyekuwa na hekima, alinivisha zote mbili kwa siku tofauti kulingana na mgeni aliyetarajiwa.

Njia ya pili ni mahali pa kukaa. Zamani ilikuwa redio. Mtoto aliyekaa karibu na mzee wakati mpira unatangazwa Radio Tanzania alijifunza lini anyamaze na lini aruke. Leo ni televisheni sebuleni au kibanda umiza, lakini somo ni lile lile. Mtoto hafundishwi kwa maneno. Anautazama uso wa baba yake, anajua hapa pa kufurahi na hapa pa kuhuzunika.

Njia ya tatu, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni simulizi. Mimi nimezaliwa mwaka 1968, mwaka ambao babu aliutaja kwa sababu mbili: kuzaliwa kwangu, na Juni Mosi ya mwaka huo, Yanga ilipoifunga Sunderland mabao 5-0. Alinisimulia pia fainali ya Agosti 10, 1974 kwenye Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Yanga ilipotoka nyuma na kushinda 2-1 kwa mabao ya Gibson Sembuli na Sunday Manara. Kwa upande wake mjomba alinisimulia Julai 19, 1977, Simba ilipoichapa Yanga 6-0, na Abdallah Kibadeni akafunga mabao matatu peke yake.

Msomaji aone jambo hapa. Babu hakunitajia 1977 hata siku moja. Mjomba naye hakunitajia 1968. Kila mmoja alinipa nusu ya historia, ile nusu aliyoshinda. Nimeipata nzima kwa sababu nilikaa na wote wawili. Mtoto anayelelewa na upande mmoja tu anakua akiamini kwamba timu yake haijawahi kufungwa isipokuwa kwa hila, na kwamba anayemfunga lazima amehonga. Huo ndio mwanzo wa chuki.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba urithi huu ni kifungo. Sunday Manara niliyemtaja alikuwa nyota wa Yanga katika miaka ya 1970, na baadaye akaenda kucheza mpira wa kulipwa Uholanzi. Mwanawe, Haji Manara, akaja kuwa msemaji wa Simba, tena msemaji mwenye maneno makali dhidi ya Yanga. Mwaka 2021 akaondoka Simba, na mwaka huo huo akaingia Yanga. Ikiwa nyumba yenye jina kubwa kama hilo imeweza kuwa na watu wa pande zote mbili, hakuna sababu ya mzazi wa Buguruni kumnunia mwanawe kwa kuchagua timu nyingine.

UTANI NI MKATABA

Magazeti yameandika "watani wa jadi" kwa miaka mingi, mpaka maneno hayo yamechakaa na hakuna anayejiuliza maana yake. Naomba tujiulize leo.

Utani katika nchi hii ni mkataba. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na baada ya vita wakawa watani. Wanyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na misafara walijenga utani na Wazaramo waliowapokea. Ndani ya nyumba zetu, babu na mjukuu ni watani, binamu kwa binamu ni watani, na shemeji na shemeji ni watani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na hakuna anayekasirika.

Mkataba huu una masharti. Sharti la kwanza, mtani anajulikana. Humtanii mtu usiyemjua barabarani. Sharti la pili, atakachosema mtani hakichukuliwi kuwa tusi, lakini naye anajua mpaka wake. Sharti la tatu ndilo tulilolisahau: mtani ana wajibu. Ukifikwa na msiba, mtani ndiye anayefika mapema. Anachota maji, anaosha vyombo, anachimba kaburi. Na ni huko huko kaburini anapofanya mzaha, akidai hatoki mpaka alipwe, na wafiwa wanajikuta wanacheka huku machozi yanawatoka. Anaruhusiwa kucheka pale kwa sababu jembe liko mkononi mwake.

Wazee wetu walipouita ushindani wa Simba na Yanga "utani", nadhani walijua wanachosema. Nyumbani kwetu kulikuwa na desturi isiyoandikwa popote: aliyeshinda ndiye anayekwenda nyumbani kwa aliyeshindwa kesho yake asubuhi, tena anakwenda na kifungua kinywa. Asubuhi baada ya zile 6-0 za mwaka 1977 nilikuwa na umri wa miaka tisa. Mjomba alikuja Gerezani na maandazi sita katika gazeti. Akayapanga mbele ya babu, moja moja, akiyahesabu kwa sauti. Babu akayatazama, akaomba chai, akayala yote sita bila kumpa mtu. Kisha akasema, "Umemaliza? Sasa nenda kazini." Watu walicheka wiki nzima.

Hebu tuitazame desturi hiyo kwa makini. Mshindi alipata nafasi ya kutamba, lakini alilazimika kutamba ana kwa ana, mbele ya uso wa mzee anayemheshimu, tena mkononi ana chakula. Hawezi mtu kuvuka mpaka katika hali hiyo. Na aliyeshindwa hakuachwa peke yake na uchungu wake.

PALE MKATABA UNAPOVUNJIKA

Sasa tuje kwenye zama hizi. Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Katika ukoo wetu tuna kundi la WhatsApp, kama zilivyo koo nyingi, lenye wazee na vijana. Usiku ule picha zilimiminika, na zaidi ya nyingine zilikuwa za vidole vitano. Hilo halikuwa na neno. Mei 6, 2012 Simba ilipoifunga Yanga 5-0 sisi nasi tulioneshwa vidole hivyo hivyo.

Lakini mmoja wa vijana wetu, mtoto wa dada yangu, alimwelekezea mjomba picha ya jeneza jekundu, na chini yake akaandika: "Zika tena babu, umeshazoea." Mjomba alikuwa hajatimiza hata arubaini tangu amzike mkewe.

Mjomba hakujibu kitu. Alijitoa katika kundi. Siku ya pili hakupokea simu, na ya tatu pia. Mzee wa miaka zaidi ya sabini, aliyewahi kuhesabu maandazi mbele ya babu yangu, alijifungia ndani kwa sababu ya mpira.

Kijana alipoitwa na wazee alijitetea, na utetezi wake haukuwa wa kijinga. Alisema, "Yule ni babu yangu, babu na mjukuu ni watani. Tena hii ni Simba na Yanga. Utani ndio ulivyo." Tukanyamaza, maana kwa kanuni alikuwa na hoja. Mama mdogo ndiye aliyemjibu. Alimuuliza swali moja: "Siku tuliyomzika bibi yako, wewe ulishika jembe saa ngapi?" Kijana hakuwa na jibu. Siku ya maziko hakufika. Alisema ana kazi.

Hapo ndipo ilipo tofauti yote. Kijana alirithi timu kutoka kwetu. Alirithi ruhusa ya kutania. Wajibu hakuurithi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba upo. Na maneno yake hayakulazimika kupita mbele ya uso wa mtu. Aliyatuma kutoka kitandani, akazima taa, akalala.

Mama mdogo aliamua kijana aende kwa mjomba yeye mwenyewe, asitume ujumbe, na akae mpaka aambiwe aondoke. Alikwenda. Alivyotusimulia baadaye, mjomba hakumgombeza. Alimwacha akae kimya muda mrefu, kisha akamuuliza: "Maandazi matano ulikosa pesa ya kununua?" Kijana hakuielewa kauli ile mpaka alipokuja kwangu nikamsimulia habari ya mwaka 1977. Aprili 20, 2024, timu hizo zilipokutana tena na Yanga ikashinda 2-1, asubuhi yake alikwenda kwa mjomba na maandazi mawili. Mjomba hajarudi katika kundi la ukoo mpaka leo. Lakini maandazi aliyapokea.

Liko jambo jingine linalouvunja mkataba huu, nalo ni pesa. Kamari ya mpira, ambayo vijana huiita kubeti, imeingia mitaani na katika simu. Mtu aliyeweka ada ya shule ya mwanawe juu ya mechi hawezi kutaniwa akifungwa. Hasira yake si ya mpira tena, ni ya njaa. Utani hauwezi kukaa penye dau, kwa sababu katika utani anayeshindwa hapotezi kitu isipokuwa usingizi wa usiku mmoja.

TUFANYE NINI?

Baada ya maelezo hayo, napendekeza mambo manne kwa wazazi na walezi.

Kwanza, tuwasimulie watoto historia nzima. Kama wewe ni Yanga, mwambie mwanao habari ya 1977 kwa kinywa chako mwenyewe. Kama wewe ni Simba, msimulie 1968. Wasimulie pia Oktoba 20, 2013, Yanga ilipoongoza 3-0 mpaka mapumziko, na Simba ikarudisha yote, ikawa 3-3. Siku ile kila upande ulilia na kila upande ulicheka. Na wasimulie kwamba Simba iliitoa Zamalek ya Misri, bingwa mtetezi wa Afrika, mwaka 2003. Kwamba Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba ikafika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025, na zote mbili zikakosa kombe. Mtoto anayejua kwamba hata jirani ana machozi yake hawezi kumdharau.

Pili, mtoto apewe nafasi ya kuchagua. Mvishe rangi yako, mpeleke uwanjani, msimulie. Hiyo ni haki yako. Lakini akikuambia amehama, usimnunie wala usimwite msaliti. Nyumba yenye timu mbili ndiyo inayofundisha utani. Nyumba yenye timu moja itaujifunzia mtaani, na mtaa hauna huruma.

Tatu, kila nyumba iwe na mpaka unaojulikana kabla ya mechi. Maradhi, vifo, wazazi, umasikini na maumbile ya mtu visiguswe. Na kipimo chepesi cha ujumbe wa simu ni hiki: kama huwezi kulitamka neno hilo mbele ya mtu mwenyewe, umekaa naye mkeka mmoja, usilitume.

Nne, turudishe wajibu wa mshindi. Si lazima yawe maandazi. Inaweza kuwa simu ya kumjulia hali, au kumpitia jirani asubuhi mwende kazini pamoja. La muhimu ni kwamba aliyeshinda ndiye atangulie kumwendea aliyeshindwa, na amwendee kwa miguu yake.

Ndugu msomaji, timu zitaendelea kufungana, na sioni ubaya watoto wetu wakishangilia na kutambiana. Lakini siku ya msiba, mwenyekiti wa klabu hatakuja kuchimba kaburi nyumbani kwako. Atakayekuja ni yule ndugu yako wa upande wa pili. Tumfundishe mtoto hilo siku ile ile tunayomnunulia jezi.